Gari ya Mugiriki na Kinu cha Yaya

Gari yenye viti viwili ni gari ya mutu asiye na ndugu. Huku kwetu Rumonge hata baiskeli inabeba baba, mama, mutoto na mukungu wa ndizi, na hakuna anayegeuka kutazama. Lakini marehemu baba, Mungu amurehemu, alituachia gari yenye viti viwili, haina paa, haina hata pahali pa kuweka kuku. Watu wengine walirithi michikichi. Wengine mitumbwi. Sisi tukarithi gari ya mbio, na barabara haikuwemo mu urithi.

Ilikuwa ya Mugiriki mumoja aliyekuwa na maduka hapa mujini, akiuza vitambaa na chumvi. Baba alikuwa shoferi wake wa kamyo ya mizigo. Ile gari ndogo aliruhusiwa kuiosha tu. Kila siku ya Mungu Mugiriki alikuwa anaifyatua mpaka Bujumbura na kurudi, na mbuzi wote wa barabara ya ziwa walikuwa wanajua sauti yake kuliko sauti ya muchungaji. Siku alipoondoka nchini alimupa baba ufunguo, akamwambia aitunze kidogo, anarudi sasa hivi. Bado tunamungoja. Hatuna haraka.

Baba aliitembeza siku za Idi tu. Alikuwa anatupakia mumoja mumoja, anatupeleka mpaka Magara, anaturudisha. Zamu yangu ilifika mara moja. Nilikuwa na jino lililong'oka, upepo ukapita mu tundu la jino ukapiga filimbi njia nzima, na baba akafikiri ni mashini imeharibika, akasimama pale Minago kufungua boneti. Ndiyo kumbukumbu yangu ya gari ya mbio: imesimama, baba ameinamisha kichwa ndani, mimi nafunga mudomo. Mwaka uliofuata kuna chuma kilikatika kweli, piyesi ya kubadilisha haikupatikana Burundi yote, na gari ikaingia mu kibanda. Haikutoka tena kwa nguvu zake.

Sasa nieleze habari ya mawese, maana bila mawese hamutaelewa kitu. Baba aliamini mawese. Mutoto akikohoa, mawese. Mulango ukilia, mawese. Kwa hiyo kila mwaka kabla ya mvua tuliipaka gari mawese, bodi nzima, kwa kitambaa, kama bibi harusi, ili isiliwe na kutu. Ilikuwa nyeupe. Ikawa rangi ya maharage yaliyoungwa vizuri. Mafuta ya gari yalipokosekana madukani, akamimina mawese hata mu ponti, lile tumbo la chuma lililoko kati ya magurudumu ya nyuma, lenye meno ndani. Panya wakasikia harufu, wakaja kula viti, wakamaliza ngozi, wakaendelea na mipira ya milango. Baba akasema: "Angalau chuma kizima." Alikufa akiamini vile, na mimi niliendelea kupaka. Nilisoma darasa tatu tu, lakini kupaka najua.

Halafu ziwa likapanda. Mutu wa mbali akisikia ziwa limepanda anafikiri ni mawimbi. Hapana. Liliingia mu ua polepole, na adabu, kama mugeni anayesema hakai, na likakaa. Liliingia jikoni, likaingia chooni, viboko wakawa wanapita kwa njia ile tuliyokuwa tunapita kwenda musikitini. Kiboko mumoja alilala nje ya duka la sukari muchana muzima na wateja wakangoja, maana nani atamwambia asogee? Sisi tulihamia juu, kwa kiwanja cha mama watoto wangu. Gari ikabaki mu kibanda na maji mpaka kwa volan, ule usukani. Maji yaliporudi nyuma, vijana wa mutaa waliivuta kwa kamba kuipandisha, wakiimba nyimbo za kuvuta mutumbwi. Ilitoka na matope, majani, na ndagala, wale dagaa wa ziwa, waliokauka kwa kiti cha kushoto. Nikaijengea kibanda kipya cha makuti. Nikaanza kusema kwa kila mutu, hata kwa wasioniuliza: "Nitaitengeneza. Itarudi vile Mugiriki aliinunua."

Kwa nchi ambayo esanse, hiyo petroli, inasikika tu kwa radio. Magari mazima yamepangwa barabarani kama maiti yanangoja kuswaliwa, shoferi wanalala ndani wakiota bomba. Na mimi nataka kuongeza gari moja kwa foleni. Akili haikosi kazi ya kufanya.

Hapo ndipo yaya akaja. Yaya ni dada yangu mukubwa. Tulikuwa wengi, tumebaki wawili, kwa hiyo gari ni yake na yangu, nusu kwa nusu, na wala hatujawahi kusema nusu gani ya nani. Miaka ya ukimbizi alikaa Kigoma, huko akajifunza kukamua mawese kwa kinu cha chuma, akarudi akajenga chake Minago. Kinu chenyewe ni pipa limesimama. Ndani kuna chuma chenye mapanga kinachosonga ngazi, yale matunda ya muchikichi, zilizochemshwa mpaka ziachie mafuta. Juu ya pipa imefungwa ponti ya kamyo ya zamani, na kwa ponti kuna gurudumu lenye mikono. Watu wawili wanazungusha gurudumu, meno ya ponti yanageuza mapanga. Mwenye ngazi anakuja kuzungusha mwenyewe pamoja na mutu wake, na yaya anachukua fungu lake mu mafuta. Anaishi na hilo fungu. Hana mume, hana mutoto aliye karibu, hana lingine.

Alifika kwa pikipiki, ameshika kitenge kichwani, hakukubali hata chai.

"Meno ya ponti yamekatika," akasema.

"Meno ya nani?"

"Usinichekeshe, mudogo wangu. Kinu kimesimama. Ngazi zimeiva kila kona, wamama wanashusha mikungu. Ngazi zikikaa zinachacha. Wakinikuta nimesimama watapeleka Kigwena, na mutu akizoea kinu cha Kigwena harudi Minago."

"Pole, yaya."

"Sikuja kuchukua pole. Nimekuja kuchukua ponti ya gari."

Nilijifanya sijasikia. Akasema tena, kwa sauti ya kunadi samaki. Mama watoto alitoka jikoni kusikiliza vizuri.

"Yaya, ile ni gari ya mbio," nikamwambia.

"Inakimbia kwenda wapi?"

"Nitaitengeneza."

"Na utatia nini mu tanki? Mate?"

Mama watoto alicheka mpaka akashika nguzo. Tumeoana miaka mingi na sijawahi kumuchekesha vile. Nikaona heri nipige simu kwa kijana wangu aliyeko Ubelgiji, maana yeye amesoma, na mutu aliyesoma anapatikana tu kwa kukusaidia kukataa. Kweli akasema alivyotakiwa kusema.

"Papa, musiguse kitu! Hiyo gari ni historia. Watu huku wanazitafuta hizo. Ukitoa piyesi moja umeiua."

"Unasikia, yaya?" Nilikuwa nimeweka sauti kubwa.

"Na kama mashini imekufa," kijana akaendelea, "tunaweza kuibadilisha. Tunatoa mashini, tunaweka batiri, inatembea na umeme. Siku hizi wanafanya."

"Shikamoo ya shangazi hujaisema," yaya akamukata.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Huo umeme utautuma kwa simu? Maana wa hapa ulikuja juzi, ukawaka, tukasema alhamdulilahi, ukazimika kabla hatujamaliza kusema."

"Kuna ile ya jua, shangazi."

"Jua liko. Jua halijawahi kukosekana. Sasa jua hilo likamue ngazi?"

Simu ikakatika. Wa Ulaya wana bahati, simu zao zinakatika wakati mzuri. Tukabaki na mambo matatu ya kuchagua: gari irudi kuwa ya Mugiriki, au iwe ya umeme usiokuwepo, au iwe kinu. Nikasema tuite fundi aipime, maana nilitumaini fundi atakuwa upande wangu. Fundi gani anakataa kazi kubwa? Nikamutuma mutu amwite.

Fundi alikuja akazunguka gari, akagonga hapa, akagonga pale, akatikisa kichwa mapema mno. Alifungua mashini. Ndani kulikuwa na muchanga safi, muchanga wa kujengea nyumba, na kaa mumoja mudogo aliyetutazama kama tumeingia kwake bila hodi.

"Muzee, hapa kuna mwenye nyumba," fundi akasema.

"Inaweza kutengenezwa?"

"Kila kitu kinaweza. Unataka mashini mpya, breki mpya, waya mpya, magurudumu mapya, viti. Chini yote imeoza, tunakata, tunafanya nyingine. Kinachobaki cha zamani ni..." Akatafuta. "Ni volan. Na wewe."

Yaya hakucheka. Alisema tu: "Fungua ponti."

Akaifungua. Sijui kama mumewahi kuona mawese yaliyozeeka miaka ile yote bila hewa. Yalikuwa yameganda, ya rangi ya chungwa, kama sabuni. Maji ya ziwa hayakuweza kuingia. Fundi akayatoa kwa kidole, na chini yake meno yakaonekana, mazima, yanang'aa, hakuna hata jino moja lenye kutu. Yaya akachovya kidole, akalamba.

"Yamechacha," akasema, "lakini ni ya kwetu."

Baba alikuwa amekosea kila kitu, viti, mipira, rangi, hata hayo mawese mu ponti, ambayo kila fundi wa Burundi angemupiga kwa ajili yake kama gari ingekuwa inatembea. Na kosa lake ndilo lililohifadhi kile chuma kimoja ambacho dada yangu alikuwa anataka. Mimi nilikasirika. Nilitaka iwe imeoza, nikatae bila lawama.

"Nipe muda nifikirie," nikasema.

"Fikiria," yaya akasema. "Ngazi nazo zinafikiria." Akapanda pikipiki akaenda.

Nilifikiria vizuri sana. Nilikaa kwa kile kiti kisichokuwa na ngozi, juu ya springi za chuma, nikashika volan, nikafikiria kuingia Magara bila kofia, wavuvi wote wanasimama, wachuuzi wanaacha samaki. Katika mawazo yangu nilikuwa sina mgongo unaouma. Kuku wa mama watoto alikuwa ametaga kwa kiti kingine, na alinitazama kwa jicho moja, kama mupenzi anayeona safari haiendi popote. Watu wakipita njiani wakisalimia: "Amahoro, muzee! Umefika wapi?" Nikijibu: "Karibu Bujumbura." Wakicheka. Nilianza kuchoka na hicho kicheko.

Mwishowe nikaamua kwenda Minago kumueleza yaya kwa heshima kwamba nimekataa. Nilikuwa nimetayarisha maneno. Kumbukumbu ya baba. Heshima ya familia. Historia, lile neno la kijana. Nilipakiwa kwa baiskeli, maana pikipiki zilikuwa hazina esanse siku hiyo, na muendesha baiskeli akaniomba nishuke kwa kila mulima. Karibu njia nzima nilitembea kwa miguu nikiwa nimelipia baiskeli.

Kinu kilikuwa kimesimama, ponti ya kamyo imelala pembeni kinywa wazi. Yaya alikuwa mu shimo lililojengwa kwa simenti, amekunja kitenge juu ya magoti, pamoja na wamama wawili wazee kuliko mimi, wanakanyaga ngazi kwa miguu. Vile bibi zetu walifanya. Ngazi zinatoka za moto, unapaswa kukanyaga zikiwa bado za moto, zikipoa hazitoi kitu. Miguu yake ilikuwa nyekundu mpaka kwa magoti na sikujua mawese ni yapi na kuungua ni wapi.

"Karibu," akasema, haachi kukanyaga. "Umekuja na gari?"

Nikakaa kwa jiwe. Maneno yangu yote yalikuwepo mu kinywa, yamepangwa, lakini hakuna lililotaka kutoka la kwanza.

Wakati ule ule mama mumoja akapita barabarani akisukuma baiskeli yenye magunia mawili ya ngazi. Namujua. Alikuwa anakamulia kwa yaya tangu yaya arudi kutoka Kigoma, mutoto wake wa mwisho alizaliwa karibu na kile kinu. Alikuwa anaelekea Kigwena. Aligeuza uso upande wa ziwa, akatazama maji kana kwamba hajawahi kuona maji.

"Amahoro, mama!" yaya akamwita kwa sauti kubwa, ya furaha. "Uende salama! Huko barabara ni nzuri!"

Yule mama akajibu kitu kidogo, akasukuma haraka zaidi. Yaya akamutazama mpaka baiskeli ilipopinda. Kisha akanitazama mimi. Akarudi kukanyaga, ngazi zisipoe.

"Fundi anakuja kesho," nikasema.

"Kufanya nini?"

"Unajua."

"Mi sijui. Mi sikusoma. Sema."

"Kufungua ponti."

"Ya gari gani?"

"Yaya!"

"Ya gari gani?"

"Ya mbio," nikasema, na wale wamama wawili wakapiga vigelegele ndani ya shimo, bila kuacha kukanyaga.

Ponti ililetwa Minago kwa mukokoteni, ikasimamishwa juu ya pipa na fundi akafunga gurudumu la mikono. Watu wakakusanyika, maana habari ya gari ya Mugiriki ilikuwa imetangulia. Vijana wawili wakazungusha. Ikazunguka kwa urahisi ajabu, vijana wakashangilia, wakasema hii ni ya Ulaya kweli. Kisha yaya akachungulia mu pipa. Mapanga yalikuwa yamesimama. Kilichokuwa kinazunguka ni upande mwingine wa ponti, ule wa juu, kule kulikokuwa na gurudumu la pili la gari, unazunguka hewani mbio mbio, haufanyi kitu.

"Angalia," yaya akasema. "Inaenda Bujumbura."

Fundi alikuwa amesahau kufunga ule upande. Ilibidi kuchomelea, na kuchomelea kunataka umeme, na umeme tuliungojea, nikakumbuka kijana wangu na batiri zake nikatukana kidogo. Ulikuja. Akachomelea haraka haraka kabla haujabadilisha nia.

Mara ya pili mapanga yakageuka. Lakini vijana wakaacha kushangilia. Ponti ya kamyo imetengenezwa kuvuta mizigo, inakwenda pole na ina nguvu, hata mamangu angeizungusha. Ponti ya gari ya mbio imetengenezwa kukimbia. Haitaki kuzunguka mara nyingi, inataka kuruka. Mapanga yakaenda haraka, na gurudumu likawa zito kama kuvuta kiboko kwa mukia. Watu wawili wakashindwa kumaliza pipa moja. Wakakaa chini, wakapumua, wakanitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyeiunda kiwandani.

"Inataka mutu wa tatu," fundi akasema.

"Yuko," yaya akasema. "Shika hapo, mudogo wangu."

Nikashika. Niseme kweli, sikufikiri kwamba kwa umri huu mutu anaweza kupata kazi mpya. Sasa siku za kukamua ninakwenda Minago, ninasimama kati ya mwenye ngazi na mutu wake, tunazungusha. Mapanga yale yanasonga ngazi vizuri kuliko zamani, sababu ya ile haraka, na mafuta yanatoka mengi kidogo. Yaya anasema kwa kila mutu kwamba alijua tangu mwanzo. Kijana wangu alipoambiwa kwa simu nilifikiri analia, kumbe alikuwa anaandikia wenzake. Aliomba picha. Nikamutumia ya mikono yangu, ina malengelenge.

Yule mama wa magunia mawili alirudi. Alikuja ameinamisha macho, akasema kule Kigwena foleni ni ndefu. Yaya akamwambia hata hapa foleni iko, akamuweka nyuma ya wote, nyuma hata ya mutu aliyefika baada yake. Lakini zamu yake ilipofika, yaya aliingia mwenyewe kushika gurudumu pamoja naye, na mimi katikati yao, nikiwa nimekwisha kuzungusha mapipa ya wengine, nikipumua kwa mudomo.

Yule mama alinitazama kwa huruma.

"Yaya, huyu muzee anaumwa?"

"Hapana," yaya akasema. "Huyu ndiyo mashini. Usimuongeleshe, inapunguza nguvu."

Tukazungusha. Mafuta yalipoanza kushuka kwa bomba, yule mama akacheka, yaya naye akacheka, na mimi ningecheka pia kama ningekuwa na pumzi ya ziada.